Blanketi la Viraka la Ma Domitila

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, wanangu, na asanteni sana, ila ndiyo iliyozidi kuniharibia. Kabla yake sikujua kwamba saa nne asubuhi hukaa muda mrefu kiasi hiki. Nimeshafagia ua mara mbili, nimeshapalilia maharage ya jirani bila kuombwa, na jirani mwenyewe ameanza kunikwepa. Kwa hiyo ombi lenu la kuandika habari za chumba cha kushonea nimelipokea kwa mikono miwili. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo, maana nikikaa tu naanza kutafuta kitu cha kufumua.

Vyeo sitavisema. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na funguo za stoo tu. Mshahara mnaujua kwa sababu ndio mnaoupata. Majina ya watu nimeyabadilisha; ya vijiji nimeyaacha yalivyo.

Niliingia hospitali ile ya misheni kule Muleba miaka michache kabla ya Uhuru, mimi Leokadia, msichana wa Nshambya mwenye cheti cha shule ya bweni na viatu vya kuazima. Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya dobi, kama kilivyo hadi leo, ila paa lilivuja mahali pengine. Mkuu wake alikuwa Mama Ernestina, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye kastabini kidoleni muda wote, hata wakati wa kula. Kwa kikofia hicho cha chuma alitugonga utosini tukikosea. Siku ya kwanza alinipa shuka lenye tundu la ukubwa wa sahani, sindano, na uzi. Nikashona mbio mbio, nikalipeleka nikiwa nimevimba kichwa. Akafumua yote, akanirudishia. Siku hiyo nilishona tundu lile lile mara nne, na jioni nikaenda kulia chooni.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata leo haujapona. Mimi ni kiguu na njia. Mikono inaniwasha nikiona kazi haijaanza, na ikishaanza nataka iwe imeisha. Mama Ernestina aliugundua ugonjwa huo kabla ya saa sita mchana, na akanipangia dawa, nayo ilikuwa kusubiri. Nguo yoyote ya zamani ikiletwa, alinikataza kuigusa mpaka nimefanya mambo matatu. Kwanza niinuse, maana moshi, ukungu na mikojo ya panya kila kimoja kina dawa yake. Pili niiinue dirishani nione mwanga unapitia wapi. Tatu nifumue kona moja, vidole viwili tu, nitazame kilichomo ndani. "Fungua kona," alikuwa akisema, na kama sikufungua, kastabini ilishuka.

Zana zetu mngezicheka. Cherehani moja ya kukanyaga, ambayo Mama Ernestina hakuiamini. Pasi ya mkaa. Bonge la nta ya nyuki tulilopitishia uzi ili usijikunje. Sindano tulizihesabu asubuhi na jioni, na iliyopotea ilitafutwa sakafuni na sisi sote tumepiga magoti, hata sista akipita alidhani tunasali. Wakati wa Uhuru tuliletewa vitambaa vya kijani, vyeusi na vya njano tushone bendera, na kwa haraka yangu nikashona moja nyeusi ikiwa juu na kijani katikati. Hakuna aliyeona mpaka ilipopandishwa shuleni. Mwalimu mkuu alisema ni upepo.

Mama Ernestina alistaafu muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, nikabaki mimi na wasichana wawili. Ndipo nguo zilipoanza kuadimika. Madukani ulikuwa unakuta rafu, na nyuma ya rafu mwenye duka amekaa anakutazama. Uzi tuliufumua kwenye magunia ya unga. Watu wakaanza kuvitoa masandukuni vitu vya bibi zao na kutuletea tuviokoe, na miongoni mwa vitu hivyo yalikuwemo mablanketi ya viraka. Vitabuni naona yanaitwa mifarishi. Sisi tuliyaita blanketi la viraka tu. Wake wa wainjilisti wa zamani walifundishwa kuyashona na mabibi wa misheni: juu vipande vya nguo vilivyoungwa, chini kitambaa kizima, katikati pamba au blanketi kuukuu, halafu mistari ya bandi inayopita safu zote tatu ili cha ndani kisitembee.

Nikaipenda kazi ile kuliko zote. Andikeni haya, yatawafaa. Kiraka cha kutilia nguo ya zamani kiwe cha zamani pia, maana kipya kikifuliwa kinajikunja na kuvuta wenzake. Kabla ya kufua, lowesha kitambaa cheupe, kandamiza kila rangi, uone ipi inatoka. Uzi usiwe na nguvu kuliko nguo. Nguo ikivutwa, ni heri ukatike uzi. Na usiondoe kipande kilichooza kama kinaweza kushikiliwa; kifunike kwa kitambaa chepesi, ukishone kuzunguka, mwenyewe akitazama akione. Watu hawaleti blanketi, wanaleta yule aliyejifunika nalo.

Nyie mliokuja baadaye mnayajua yaliyofuata, mlikuwepo. Habari ya Ma Domitila hamkuijua, kwa sababu niliificha.

Ma Domitila alikuwa mjane wa mwinjilisti, kutoka Kagoma, mzee sana, miguu imevimba kwa ugonjwa wa moyo. Aliletwa wodi ya wanawake na mwanawe Projestus, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa kule rweya, ile nyanda ya majani isiyo na migomba wala kivuli. Alikuja amejifunika blanketi lake la viraka, na sheria ya wodi ilikuwa kwamba matandiko yote ya nyumbani yachemshwe kwa ajili ya kunguni. Yeye akalikumbatia, akagoma. Sista akaniita mimi, kwa sababu nilijua Kihaya cha kubembeleza.

Nikakaa kitandani pake. Nikamwambia blanketi limechanika pembeni, aniachie nilishone. Akasema, "Shona tu, waitu, mwenzangu. Usilifue." Nikaitikia vizuri kabisa, nikalibeba, na sista mlangoni akaninong'oneza nilichemshe kwanza.

Sitamsingizia sista. Ningeweza kumkatalia, na alikuwa akinisikiliza. Ukweli ni kwamba mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, asubuhi ile jua likatoka, na mikono ikaanza kuniwasha. Nililinusa: moshi mtupu. Nikasema moyoni, bibi wa shamba huyu anaogopa sabuni, ngoja nimshangaze. Nikajaribu rangi za viraka, zikakaa imara. Mwanga sikutazama. Kona sikufungua. Mama Ernestina alikuwa kwake amestaafu, nani wa kunigonga?

Nikalitumbukiza kwenye pipa la maji moto na sabuni. Maji yakageuka mekundu ya udongo, yakazidi kugeuka. Mnajua nilifanya nini? Niliwaita wenzangu waje kuona uchafu. Nikabadilisha maji mara tatu, nikifurahia. Kisha mimi na msichana mmoja tukashika huku na huku, tukakamua. Nikasikia kitu ndani kinaachia, taratibu, kama mtu anayeng'oa mizizi ya majani. Tulipolianika, upande wa juu ukawa bapa, na chini, penye pindo, pakajaa donge.

Ndipo nilipofungua kona.

Ndani hapakuwa na pamba wala blanketi. Palikuwa na lubugo. Nyie wa siku hizi huenda mmeiona kwenye maonyesho tu: ni nguo ya gamba la mti wa mtoma, linalobanduliwa na kugongwa kwa nyundo ya mti mpaka linapanuka na kulainika. Babu na bibi zetu walivaa hiyo, na wazee walizikwa wamevingirishwa humo. Lubugo haifuliwi. Inaanikwa, inakung'utwa, basi. Mtoto yeyote wa Kihaya aliyelelewa na bibi anajua. Mimi nililelewa na bweni.

Siku mbili nilimkwepa Ma Domitila. Nilipitia mlango wa nyuma wa wodi, mimi mtu mzima. Akiuliza, nilimtumia ujumbe kwamba halijakauka. Nilikuwa sili vizuri, nashika kazi hii naiacha, nashika ile, wasichana wananitazama. Nilijaribu hata kufikiria kumtilia blanketi la hospitali ndani, nishone, ninyamaze. Nilikata kabisa kipande cha kulingana. Nakiri hilo kwa aibu. Kilichonizuia ni uzito. Mtu aliyelala chini ya kitu miaka yote angejua kabla ya kukiona.

Siku ya tatu nikajikaza kisabuni, nikaenda, nikapiga magoti karibu na kitanda.

"Mae, nimelifua."

Akawa anatazama dirishani. Halafu akauliza, "Na cha ndani?"

"Kimekatika."

Akafumba macho. Nilidhani amesinzia. "Umeniosha kabla sijafa," akasema.

Sijawahi kusemwa na mtu nikaumia namna ile, na sauti yenyewe ilikuwa ya chini, haina hata hasira. Nikalia pale pale. Yeye ndiye aliyenishika kichwa, na kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa nje juani, akanieleza.

Alipoolewa, mama mkwe wake alimpenda. Mama mkwe alikuwa na lubugo mbili zilizotoka kwenye mti mmoja. Moja alisema atazikwa nayo. Ya pili alimpa Domitila, akamwambia, utakaponifuata vaa hii, mimi nitakujua kwayo. Muda si mrefu mama mkwe akafa, akazikwa na yake, na mume akawa mwinjilisti, na katika moto wake wa kwanza akakusanya lubugo zote za ukoo uani, akazichoma, akisema ni nguo za mizimu. Domitila aliificha ya kwake kwenye pipa la mtama. Kisha mabibi wa misheni wakaanza lile darasa la kushona. Wenzake walitia pamba. Yeye alitia lubugo, akafunga pande zote nne. Bibi wa misheni akalisifu blanketi lake kwa unene, akamwuliza pamba nzuri kiasi hicho ameipata wapi. Na mume wake, marehemu, alilala chini yake maisha yake yote ya ndoa, akiamka Jumapili kwenda kuhubiri dhidi ya lubugo. Hapo Ma Domitila alicheka kidogo, akakohoa.

Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema waziwazi: azikwe ndani ya ile, ili anayemsubiri amjue. Projestus asiambiwe. Hakuwa mtoto mbaya, alisema, ila mwenyekiti anasemwa na kila mdomo, kanisani ni mzee wa usharika, na hakutaka maiti yake imletee maneno. Akanishika mkono, nikaapa.

"Nipe siku chache, Mae," nikamwambia.

"Sina nyingi. Chukua hizo hizo."

Niliomba ruhusa, nikasema nina mgonjwa, ambayo haikuwa uongo. Niliambiwa Izimbya kuna mzee bado anagonga lubugo. Nikapanda lori la kahawa mpaka Bukoba, nikapumzika kwetu Nshambya, kesho yake nikaenda, sehemu kubwa kwa miguu, vipande vyangu nimevifunga kwenye kanga kifuani kama mtoto mchanga. Njia nzima niliona nachelewa. Kila mwanamke mzee niliyekutana naye nilitaka kumwuliza anaumwa nini.

Mzee Kaijage nilimkuta ametoka shamba la kijiji, jembe begani. Alikuwa ameshasemwa mkutanoni kwa kugonga magamba wakati wenzake wanalima, kwa hiyo asubuhi alilima, alasiri aligonga. Akanikaribisha kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba kabla hajaniuliza shida yangu. Mimi nikaanza kufungua mzigo kahawa ikiwa bado mdomoni. Akasubiri. Vipande vilikuwa kumi na kimoja, na vumbi. Akavipanga juu ya majani ya mgomba, akavigeuza kimoja kimoja, akauliza ni nani aliyefua.

"Ni mimi, Tata."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

Akatafuna kahawa yake mpaka ikaisha. Kisha akaniambia mambo kwa utaratibu. Kunigongea mpya aliweza, lakini mpya ingekuwa mpya, na sikuijia hiyo. Hivi vipande havitashikana vyenyewe, lazima vilazwe juu ya lubugo nyingine nyembamba. Alikuwa nayo moja iliyopasuka, haikuuzika. Akanionyesha: unapuliza maji kwa mdomo, ukungu tu, unafunika kwa majani ya mgomba mpaka gamba lilainike, unalinyoosha kwa viganja kufuata nyuzi zake, hulivuti. Unashona kwa kufuata nyuzi hizo hizo, hatua ndogo, na uzi dhaifu, maana uzi wenye nguvu unaikata lubugo kama waya. Mwisho unagonga kwa nyundo yenye mifereji myembamba, kwa uzito wa nyundo yenyewe, mkono usiongeze kitu.

Nilivunja kipande cha kwanza kwa haraka. Cha pili nikakiharibu pembeni. Mzee akaninyang'anya sindano, akaniambia nikae. Nikasema nimekaa. Akasema, "Hujakaa. Lubugo inamjua mtu anayetaka kuondoka." Akanikalisha chini ya mgomba nisifanye lolote, muda wa kupika ndizi mpaka ziive. Mateso gani yale! Nilihesabu mikungu, nikahesabu kuku. Nilipopewa sindano tena, vidole vilikuwa vimechoka kuwasha, na nikashona.

Nilikaa kwake siku mbili. Malipo alikataa, akachukua mkasi wangu mdogo alioutamani tangu nilipoufungua. Nikarudi Muleba, nikaendelea kushona saa za chakula na Jumapili baada ya ibada. Vipande vyote, hata kile nilichokivunja, vikakaa juu ya ile ya Izimbya, kila kimoja kimezungushiwa mshono ambao ukiutafuta huuoni. Nikatengeneza na viraka vya juu: kanzu ya mwinjilisti, gauni la ubatizo, kipande cha kaki, marinda ya shule. Nikafunga safu zote tatu kwa bandi, nikaacha kona moja wazi, upana wa kiganja. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, kabla wala baada. Nililitandaza mezani nikalizunguka kama bibi harusi anayetazama sanduku lake.

Wodini nikaambiwa Ma Domitila amerudishwa kwake. Daktari hakuwa na la kuongeza. Sikusubiri gari. Nikatembea mpaka Kagoma, nikamkuta kwenye kibanja chake cha migomba, amelazwa chumba cha ndani, pumzi fupi fupi, lakini macho bado yanamtambua mtu. Nikamfunika. Akatafuta kona, akaingiza mkono. Alipapasa ndani taratibu, kipande kwa kipande, na mimi nimesimama nimebana mikono kwapani. Akafika mahali akasimama.

"Hapa ni pageni."

Nikamwambia ni pa Izimbya, nikamweleza kwa nini.

"Mama mkwe ataniuliza," akasema. "Nitamwambia hapa ni pa Leokadia."

Nilirudi kazini nikiwa mwepesi. Wiki ya pili ikaja habari kwamba amefariki, nikaomba ruhusa nyingine, na safari hii hakuna aliyeniuliza mgonjwa ni nani.

Nilipofika uani Kagoma watu walikuwa wengi, na katikati yao Projestus amesimama, blanketi mikononi. Nikajua kuna jambo. Alikuwa anawaonyesha wazee viraka, anageuza juu na chini. Alikuwa amelia, macho mekundu, na alizungumza kama mtu anayetoa hotuba ili asilie tena. Mama yake, alisema, aliomba azikwe na blanketi hili. Lakini tazameni lilivyotengenezwa. Dukani hakuna blanketi tangu mwaka jana. Kule rweya upepo unapita kwenye kuta, wajukuu wa huyu mama wanalala juu ya majani makavu, wanakohoa mpaka asubuhi. "Mama yangu hakuwahi kufukia kitu kizima," alisema. "Tutamzika kwa shuka jeupe, na blanketi litawalaza wajukuu wake." Wazee wakaitikia kwamba amesema vema. Mmoja akaniona, akanionyesha kwa kidole: fundi mwenyewe ndiye huyu, mikono yake ibarikiwe.

Wanangu, nilitamani ardhi inimeze. Kama ningelishona ovyo, lingezikwa. Nililitengeneza vizuri, kwa kiburi changu, mpaka likawa mali. Na Projestus alisema kweli kuhusu watoto. Niliwaona wanne wamekaa ukutani, miguu imepauka. Kusema sikuweza, niliapa. Kunyamaza, yule mama angekwenda hana cha kujulikana nacho.

Nikamwendea Projestus, nikamwambia kuna kona sijaimaliza, kama watoto watalitumia ni vizuri niifunge kabisa. Nilikuwa nimeshika mkasi wa kazini tayari. Akanipa.

Nikaingia chumba cha ndani. Ma Domitila alikuwa ameshaoshwa. Walikuwemo wanawake wawili, mke wa Projestus na jirani mmoja mzee kama marehemu. Nikavuta pazia, nikakaa sakafuni, nikapanua ile kona, nikaanza kukata bandi zangu. Mke wa Projestus akafungua mdomo aniulize, na wakati huo huo lubugo ikatokeza. Yule jirani mzee akamshika mkono anyamaze. Kisha akaketi mbele yangu, akashika upande wa pili bila kuambiwa.

Nilifumua mstari kwa mstari. Nje walikuwa wanatuita, jeneza limefika, mchungaji amefika. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kukimbia, na siku ile, watu wakigonga ukutani, sikukimbia, kwa sababu ningevuta mara moja tu ingepasuka. Lubugo ikatoka nzima. Tukamvingirisha sisi watatu, ule upande wa Izimbya ukaangukia kifuani, na juu yake tukazungusha shuka jeupe, tukalikaza vizuri mpaka hakuna kilichoonekana. Kisha nikafunga kona ya blanketi kwa mishono saba, nikatoka nalo.

Projestus alilipokea kwa mikono miwili. Akalipima juu na chini.

"Mbona limekuwa jepesi?"

Watu walikuwa wanatutazama. Uongo nilikuwa nao, umeshapangika mdomoni, ukakataa kutoka.

"Kilichokuwa kizito amekwenda nacho," nikamwambia.

Akanitazama. Kisha akatazama mlango wa chumba cha ndani, aliposimama mkewe, viganja vyake vyekundu kwa vumbi la gamba la mtoma. Akalikunja blanketi, akaliweka begani, akamwambia mkewe akanawe mikono kabla wazee wa kanisa hawajaingia.